Saini niweke mbele au nyuma? Jibu kwa mpiga picha wa Tanga anayepeleka kazi galeri mara ya kwanza

Swali limetoka kwa dada mmoja wa hapa hapa Tanga. Kazi yake ya kila siku ni harusi na sendofu, ila pembeni amekuwa anapiga vitu vyake: wavuvi wa Deep Sea asubuhi na mapema, makaburi ya Tongoni, wakata mkonge wa njia ya Muheza. Sasa galeri moja ya Dar imemwita kwenye maonyesho ya pamoja, apeleke picha sita, na wamemwambia tu "zije tayari kwa kutundikwa". Anauliza saini aiweke wapi na kwa kalamu gani, ile logo ya studio yake aiache au aitoe, fremu iwe na kioo au bila, na kile kikaratasi cha pembeni ya picha aandike nini.

Dada yangu, hongera kwanza. Mi nafremu picha za watu na kutundika maonyesho, kwa hiyo ntakujibu kwa upande wa kazi ya mikono, habari ya kama picha ni nzuri au mbaya hiyo galeri washaamua walipokuita.

Naanza na logo maana hiyo ndo itakuumbua kabla ya vitu vingine vyote. Itoe. Logo na wotamaki ni vya picha inayozunguka WhatsApp na Instagram, huko mtu anaweza kuichukua akaiweka kwenye ukurasa wake, ukutani hamna anayeiba hivyo. Alafu fikiria anayenunua, anatoa hela yake aitundike sebuleni, kila akikaa kula anaona namba yako ya simu na maneno "Photography & Events". Hanunui. Najua unaogopa haki yako itapotea ila haki haikai kwenye logo, kwa Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 kazi inalindwa tangu ulipoitengeneza, huhitaji muhuri wala kusajili kwanza, ingawa ukitaka kuisajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, wapo na ni jambo zuri. Ushahidi wako wa kweli ni yale mafaili ghafi yaliyotoka kwenye kamera, yatunze sehemu mbili tofauti usiyafute hata kama diski imejaa. Na anayenunua printi amenunua ile karatasi, hajanunua ruhusa ya kuichapa kwenye kalenda ya kampuni yake, hilo liandike kwenye risiti mstari mmoja tu yaishe.

Sasa saini. Sehemu zinazokubalika ni tatu na kila moja ina watu wake. Ya kwanza ni kwenye ukingo mweupe wa karatasi yenyewe, chini ya picha, saini kulia, namba ya toleo kushoto (ile 1/10, ntaieleza mbele), jina la picha katikati kama unataka liwepo. Huu utaratibu umetoka kwa wale wachapaji wa michoro ya mbao na shaba, wapiga picha wakaurithi. Ya pili ni nyuma ya karatasi. Ya tatu ni kwenye maunti, ile kadibodi nene iliyobeba picha, Ansel Adams wa Marekani ndo alikuwa anafanya hivyo, anabandika picha kwenye kadibodi afu anasaini kwa penseli chini yake kulia. Ila hii ya tatu mi siipendi kwa huku kwetu, kwa sababu kadibodi ikishika ukungu baada ya miaka kadhaa fundi anaitoa anaweka mpya, na saini yako inaenda jalalani na kadibodi. Kama unataka kusaini maunti saini, ila lazima na karatasi iwe na saini.

Juu ya picha yenyewe, kwenye maji au anga pale pembeni, usisaini. Wachoraji wanasaini juu ya kazi kwa sababu rangi ya saini na rangi ya picha ni kitu kimoja, brashi ni ile ile. Kwenye picha ya kamera wino wako unaelea juu, jicho linaukimbilia kabla ya kumwona mvuvi, saini inakuwa kama mgeni anayeongea kuliko mwenye harusi.

Kwa picha zako sita ningefanya hivi. Agiza printi ziwe na ukingo mweupe wa sentimita tatu mpaka tano pande zote. Chini ya picha saini kwa penseli, herufi zisizidi nusu sentimita, mwisho wa saini uishie pale pale picha inapoishia kulia, usivuke. Kushoto namba. Basi mbele imeisha. Nyuma ndo uandike yote: jina lako kamili kwa herufi zinazosomeka (maana saini zetu nyingi ni mikwaruzo tu, mtu wa miaka 30 mbele hatajua ni nani), jina la picha, mahali, mwaka uliopiga na mwaka uliochapa kama ni tofauti, aina ya karatasi na wino, na namba ya toleo tena. Nyuma andika karibu na ukingo, usiandike katikati nyuma ya uso wa mtu, kwa sababu penseli ikikandamiza alama inatokea mbele na taa za galeri zikipiga kwa ubavu inaonekana wazi kabisa.

Kalamu inategemea karatasi, hapa ndo wengi wanaharibu. Karatasi ya pamba isiyong'aa, ile nzito ya gramu 300 hivi, inapokea penseli vizuri sana. Tumia HB ya kawaida, ile ngumu kama 2H inachimba. Watu wanaidharau penseli wanaona ni ya watoto wa shule, kumbe risasi yake haipauki kwa jua, haisambai kwa unyevu, na inaingia kwenye nyuzi za karatasi kiasi kwamba mtu akitaka kuifuta aandike jina lake alama zinabaki. Karatasi inayong'aa ya studio, ile yenye plastiki, penseli inateleza haishiki, hapo unahitaji kalamu ya wino wa pigmenti yenye ncha nyembamba, kama Pigma Micron za Sakura, 03 au 05. Ila hata hiyo ijaribu kwanza kwenye kipande cha karatasi ile ile, uiache ikauke, ndo upitishe kidole. Upande wa nyuma wa karatasi za plastiki wino unachelewa sana kukauka, ukizipanga picha moja juu ya nyingine haraka haraka saini ya picha ya kwanza unaikuta imejichapa kwenye anga ya picha ya pili.

Maka peni nyeusi ile ya kuandikia maboksi weka mbali. Inasambaa taratibu, inapenya, na rangi yake ikizeeka inageuka. Peni ya kawaida ya bluu ya shuleni nayo ina kigololi kigumu kwenye ncha, inachora mfereji ambao mbele unatokea kama kovu.

Siku ya kusaini kaa nazo zote sita kwa mkupuo mmoja. Nawa mikono ukauke, usipake mafuta ya nazi wala losheni asubuhi hiyo, meza iwe ngumu na safi, weka kioo kipana juu yake ndo ulaze picha, na chini ya kiganja weka karatasi nyeupe ili mkono usigusane na printi. Jizoeze kwanza kwenye karatasi chakavu mpaka mkono ulegee, maana saini ya mtu mwenye wasiwasi inajulikana tu, imebana. Na haya yote yafanyike KABLA picha haijaenda kwa fundi fremu. Nasisitiza kwa sababu naletewa picha ishafungwa kabisa na karatasi ya gundi nyuma, mwenyewe anasema "kaka ifungue kidogo nisaini", hapo tunakata, tunaingiza vumbi, tunafunga upya, na hela inatoka mara mbili.

Toleo sasa, hizo namba 1/10, 2/10. Chini ni idadi ya printi zote utakazowahi kutoa za picha hiyo, juu ni hii ni ya ngapi. Si lazima uchape zote kumi leo, chapa moja ya maonyesho, nyingine zitachapwa zikinunuliwa, ila ukishasema kumi ni kumi. Ya kumi na moja haipo hata akija mtalii na dola mkononi. Ambacho watu hawakielewi ni saizi: ukisema toleo la 10 kwenye A3, afu kesho ukatoa 10 nyingine kwenye A2, aliyenunua mwanzo atahisi kaibiwa. Kwa hiyo amua sasa hivi kabla hujauza hata moja kama kumi ni za saizi zote kwa pamoja au kila saizi na kumi zake, ukaandike kwenye cheti kinachoenda na printi. Unaruhusiwa kubaki na nakala moja mbili za msanii, zinaandikwa A.P. badala ya namba, hizo si njia ya kuongeza mzigo kwa mlango wa nyuma. Na nunua daftari, counter book ile ile ya dukani inatosha, kila printi inayotoka andika namba, tarehe, nani kachukua, kwa bei gani. Kama hutaki habari za matoleo acha kabisa, saini bila namba, ni halali, bei tu ndo itakuwa chini.

Kuchapa sisemi sana. Kamera yako ya megapikseli 24 inatoa faili la pikseli 6000 kwa 4000, ukichapa kwa 300 kwa inchi unapata kama sentimita 50 kwa 34, kwa hiyo A3 unafika bila jasho na A2 unaifikia kwa kama 250, hakuna jicho litakalolalamika mita moja kutoka ukutani. Ila ukitumia faili ulilomtumia mteja kwa WhatsApp kama picha, limeshabanwa, limekufa. Peleka kwa fleshi. Na printi zako zikitoka nyeusi kuliko ulivyoona kwenye laptop usimgombeze mchapaji, mwanga wa skrini yako uko juu mno, ushushe ndo uhariri tena, na omba kwanza kipande cha majaribio kabla ya kulipia zote. Karatasi ya bango, ile ya mabango ya kampeni, hapana.

Tuje kwenye kioo, hapa nitakaa kidogo maana sisi ni watu wa pwani na ushauri mwingi unaousoma umeandikwa na watu wa nchi kavu zenye baridi.

Nenda nyumba yoyote ya zamani hapa mjini, Ngamiani au Chumbageni, utakuta picha ya babu na bibi ukutani imeshika kioo. Ina madoa yanayong'aa kama imelowa sehemu sehemu. Kinachotokea ni kwamba uso wa picha una tabaka la jelatini, linavuta unyevu wa hewa, linavimba, linakuwa laini, na kwa kuwa fundi aliibana picha moja kwa moja kwenye kioo, vinashikana. Ukivuta uso wa babu unabaki kwenye kioo. (Kama unayo ya hivyo nyumbani usiibandue, iskani au ipige picha ikiwa na kioo chake hivyo hivyo.) Karatasi mpya za wino nazo zikibanwa na kioo kwenye joto na unyevu wa Tanga zinatoa madoa. Kwa hiyo jibu la "kioo au bila" ni kioo, ila KISIGUSE picha. Lazima pawe na nafasi ya hewa.

Nafasi inapatikana kwa njia mbili. Maunti yenye dirisha, ile kadibodi ya mbele iliyokatwa tundu kwa pembe ya kulala, unene wake ni kama milimita 1.4 na hiyo kwa kawaida inatosha, ukiweza pata nene zaidi au ziwe mbili. Au vipande vyembamba vya kutenganisha vinavyofichwa chini ya mdomo wa fremu. Kwa sababu we unasaini kwenye ukingo, chukua maunti, na umwambie fundi dirisha liwe kubwa kuliko picha: juu na pembeni iachie ukingo mweupe kama sentimita moja uonekane, chini sentimita mbili ili saini ipumue. Wenyewe wamezoea kukata dirisha likale picha kidogo pande zote, ndo mkono wao ulivyo, usipomwambia atafunika saini na hatajua kafanya nini. Upana wa maunti weka sentimita saba juu na pembeni, chini nane na nusu au tisa. Ikiwa sawa pande zote jicho linaiona kama picha imeporomoka.

Kadibodi yenyewe iwe isiyo na asidi, uliza hivyo hivyo dukani, na kama Tanga hujapata agiza Dar. Ya bei rahisi baada ya muda inageuka rangi ya chai pale kwenye mkato na inaichafua picha. Na kushikisha picha kwenye kadibodi ni mbinu: hakuna selotepu, hakuna gluu, hakuna ile tepu ya pande mbili ya kubandikia vioo vya magari. Karatasi inavuta unyevu masika inatanuka, kaskazi ikipiga kavu inanywea, ukiigundisha pande zote nne inakosa pa kwenda inatoa mawimbi. Ama ining'inie kwa vipande viwili vidogo vya karatasi nyembamba ngumu upande wa juu tu, kwa gundi ya wanga wa ngano, au utumie mifuko midogo ya karatasi kwenye pembe nne, picha inachomekwa tu bila gundi kugusa popote. Kwa mtu anayeanza mi nasema mifuko ya pembe, unaikunja mwenyewe nyumbani, na siku mtu akitaka kubadilisha fremu inatoka nzima.

Nyuma mafundi wetu wanaweka hadibodi. Sawa, inabeba, ila ina asidi, kwa hiyo kati yake na picha weka kipande kimoja cha kadibodi safi. Funga nyuma kote kwa tepu ya karatasi ya kahawia ili vumbi na vile vijidudu vinavyokula vitabu visiingie. Usifunge siku ya mvua kubwa dirisha likiwa wazi, unafungia unyevu humo humo na ukungu unaanza kazi kabla hujafika Dar, ziache picha na kadibodi chumba chenye AC usiku mmoja ndo ufunge. Pembe mbili za chini nyuma bandika vigololi vya mpira ili fremu isilale ukutani, hewa ipite. Kuta za nyumba za mawe na chokaa zinatoka jasho, we mwenyewe unazijua.

Fremu zote sita zifanane, nyembamba, nyeusi au mbao ya rangi yake. Mninga unapendeza ila ni mzito. Zile za dhahabu zenye maua waachie maharusi. Kioo cha milimita mbili kinafaa, plastiki ya akriliki ni nyepesi na haivunjiki njiani ila inakwaruzika na inavuta vumbi, na ukiisafisha kwa dawa ya vioo yenye amonia inafifia, kitambaa laini na maji kidogo basi.

Na kusafiri: Tanga mpaka Dar ni kama kilomita 350, na basi likifika Muheza buti linajazwa magunia ya machungwa. Usiziweke buti. Kioo kibandike tepu ya karatasi kwa msalaba mara kadhaa (akriliki usibandike), kikivunjika vipande vinabaki na tepu havikwaruzi printi. Picha zitazamane uso kwa uso, mgongo kwa mgongo, kadibodi kati yake, zisimame kwa ubavu, hazilazwi. Kama unaweza nunua siti ya pili, nunua, ni rahisi kuliko kufremu upya.

"Tayari kwa kutundikwa" maana yake fremu ina pete mbili za chuma nyuma, moja kila upande, theluthi moja kutoka juu, na waya kati yake usiokaza sana. Kamba ya manila hapana, na kile kibati chenye meno cha katikati kinaachia. Ila waulize kwanza, kuna galeri hawataki waya, wanatundika kwa pete moja kwa moja. Wao ndo watatundika lakini ujue hesabu yao ili ukiombwa usaidie usisimame na mkono kidevuni: katikati ya kila picha inakaa kama mita moja na nusu kutoka sakafuni, wengi wako kati ya 145 na 155. Fremu yako ikiwa na urefu wa sentimita 60, nusu ni 30. Vuta waya juu kwa kidole kama umetundika, pima kutoka hapo mpaka juu ya fremu, tuseme 8. Msumari unakaa 150 ukijumlisha 30 ukitoa 8, yani 172. Fanya hivyo kwa kila fremu, waya hazilingani hata fundi akiapa. Jua la dirishani lisizipige, hilo una haki ya kulisema kwa sauti.

Kikaratasi cha pembeni. Umenitumia mfano wa ile picha ya mikono ya mkata mkonge na umeandika mistari saba, kwamba mkonge uliletwa kutoka Florida mwaka 1893 na Dkt. Richard Hindorf, miche 62 tu ndo ikafika hai na ikapandwa Kikokwe kule Pangani. Ni kweli na ni habari tamu, ila mtu amesimama mbele ya mikono yenye makovu na we unamsomesha historia. Ihamishie kwenye maelezo yako ya msanii, yale ya ukurasa mmoja ya mlangoni. Pembeni ya picha andika jina lako, jina la picha, mahali na mwaka, "printi ya wino wa pigmenti kwenye karatasi ya pamba", saizi ya picha bila fremu, na namba ya toleo. Bei wengi wanaiweka kwenye orodha ya mezani, fuata wanavyofanya wao. Na majina ya picha, samahani dada, "Matumaini ya Kesho" na "Safari ya Maisha" yabadilishe. "Deep Sea, kabla ya mnada" inaniambia zaidi.

Huyo mkata mkonge, anajua mikono yake inaenda kuuzwa Dar? Mfuate umwambie, umuulize kama anataka jina lake liandikwe, apate na printi yake. Wenye sura zinazoonekana ndo kabisa, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 sa hivi, karatasi fupi yenye sahihi yake inakulinda na yeye inampa heshima. Watoto ni mzazi ndo anasaini. Na Tongoni ni eneo la mambo ya kale, kama picha zile unaziuza pita ofisini pale uulize taratibu zao kabla, usisubiri wakuulize.

Cheti ni ukurasa mmoja kwa kila printi, maelezo yale yale ya nyuma ya picha, saini yako na tarehe, ubaki na nakala. Kinakwenda kwa mnunuzi siku ya kulipa, hakibandikwi kwenye fremu.

La mwisho ni makubaliano na galeri, na sioni kama umelitaja popote. Kamisheni galeri nyingi wanachukua kati ya asilimia 30 na 50, usishtuke, ila uijue kabla ya kupanga bei maana bei ya ukutani na bei ya inbox yako lazima ziwe moja, ukimuuzia mtu pembeni kwa nusu bei wakati maonyesho yanaendelea hawatakuita tena. Iandikwe nani analipa kioo kikivunjika mikononi mwao, hela yako inaingia siku ngapi baada ya mauzo, na zisizouzwa zinarudi Tanga lini na kwa nauli ya nani. Piga picha kila fremu mbele na nyuma kabla ya kufunga, na ukifika mtu wa galeri asaini orodha ya vitu sita alivyopokea vikiwa vizima. Kama mpaka wiki ya kusafiri hawajakutumia karatasi yoyote, hata barua pepe ya mistari mitano, wapigie, na usipakie mpaka ifike.